Jina Lililokatwa Kwenye Orodha ya Wapikti

Jumamosi ile soko la Aberdeen lilijaa watu, na ukungu wa baharini ulikuwa umeingia mpaka mlangoni. Ishbel Cowie alikuwa akifunga mikate ya siagi kwenye karatasi, aproni nyeupe, nywele zake nyekundu kazizuia kwa kitambaa cha kijani. Mbele ya meza yake akasimama kijana mrefu mwenye koti la sufu na kisanduku cha vichupa.

"Samahani, dada. Naomba mate yako."

Ishbel akamtazama toka viatuni mpaka utosini. "Mama yako anajua unachofanya huku mjini?"

Wauza samaki wa meza ya pili wakaangua kicheko. Kijana akaiva masikio. Akasema yeye ni Struan Moir wa chuo kikuu, anapima mate kusoma damu ya ukoo, anatafuta asili ya Wapikti, wale watu wa kale waliochonga samaki na farasi kwenye mawe. Anataka watu ambao babu na bibi zao wote wanne wamezaliwa pwani hii.

"Wangu wote wanne ni wa hapa," Ishbel akajibu haraka. "Ila baba anasema Wapikti walikuja kwa mashua toka mashariki ya mbali, wanaume peke yao, wakaenda kuomba wake Ayalandi."

"Wengi wetu siku hizi tunaona hawakutoka kokote. Walikuwa hapa hapa."

"Mwanaume anayetafuta mke hakosi kusema ametoka mbali."

Struan akacheka. Ishbel akatema kichupani, akaandika na namba ya simu kwenye fomu. Kesho yake simu ikalia, na haikuhusu fomu.

Wakaanza hivyo. Kila jioni simu.

"Umekula?"

"Nimekula mkate wako."

"Wa leo?"

"Wa juzi. Naumega kidogo kidogo usiishe."

"Muone. Na mimi nauza meza nzima."

Mwezi wa nne Ishbel akampelekea supu ya samaki wa moshi ofisini. Alikuta kiti kitupu, na orodha ya majina mezani. Lake lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, pembeni imeandikwa: Asihesabiwe.

Kwao kulikuwa na neno lisilosemwa mezani: bibi mzaa mama alishuka na treni ya wasichana wa kupasua samaki, wale waliofuata msimu bandari kwa bandari, toka pasipojulikana. Ameliona kwenye damu yangu, akawaza, na hakuniambia. Akaacha supu, akaondoka.

Simu ikalia wiki tatu bila kupokelewa. Usiku wala mchana hakuizima. Alikuwa akiitazama tu mpaka inyamaze, halafu anaumia kwamba imenyamaza. Kila koti la sufu lililopita sokoni lilimsimamisha mkono.

Siku moja baba yake akaja mezani. "Yule kijana kanipigia mimi. Anapanda meli ya saa kumi na moja kwenda visiwa vya Orkney, kuchimba mifupa ya kale mpaka majani yapukutike. Mimi nimefikisha."

Ishbel akavua aproni.

Alimkuta bandarini, begi begani, amekonda.

"Umeona nini kwenye damu yangu?"

"Sijaona kitu. Kichupa chako sijakifungua."

"Mbona umenikata orodhani?"

"Kazi yetu haturuhusiwi kupima mtu wetu wa ndani. Mkono unapindisha majibu. Nikamwambia mkubwa wangu, huyu mtoe, nataka kumuoa."

"Ukamwambia yeye kabla yangu?"

"Yeye simwogopi."

Ishbel angeweza kunyamaza. "Nilikudanganya, Struan. Bibi yangu mmoja hatujui alitoka wapi. Alikuja na treni ya samaki."

"Basi namshukuru aliyemkatia tiketi."

Honi ya meli ikalia. Watu wakaanza kusukumana.

"Utanijibu lini, mpenzi?"

"Hujaniuliza. Umemuuliza mkubwa wako."

Struan akaweka begi chini. Akauliza, kwa sauti ndogo, katikati ya watu na mizigo. Ishbel akasema ndiyo, akamsukuma apande kabla ngazi haijatolewa.

Akasimama mpaka meli ikawa doa, na doa likawa ukungu. Ulikuwa mwezi wa tano. Majani ya Aberdeen hupukutika mwezi wa kumi. Akarudi mjini kwa miguu, polepole, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumuwahi.