Fundi Sofa na Deni la Sista

Ukumbi wa wagonjwa wa nje ulikuwa umefurika asubuhi hiyo, na Fundi Sofa alisimama katikati na bisibisi yake mkononi, hajui aanzie wapi. Hospitali ilimwita abadilishe leza, ile ngozi ya bandia, ya mabenchi yote. Sawa, lakini mabenchi yote yamekaliwa. Alimwomba mzee mmoja ainuke, mzee akajifanya hasikii.

"Hapo utasimama mpaka uote mizizi," sauti ikasema nyuma yake.

Kugeuka, ni muuguzi. Gauni jeupe limenyooshwa pasi mpaka kwenye pindo, sweta ya buluu, nywele zimesukwa zikabanwa kisogoni, na macho ya mtu aliyechoka lakini bado ana utani. Alipiga makofi, akatangaza kwamba foleni ya daktari inaanzia upande wa pili. Ukumbi mzima ukahamia huko.

"Kweli inaanzia huko, sista?"

"Kuanzia sasa, ndiyo. Fanya haraka kabla sijawaonea huruma."

Basi tena. Mtu mzima na ndevu zake akaanza kuvuta kazi makusudi. Benchi la saa chache alilimaliza kwa siku mbili, na kila asubuhi alikuja na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, kwenye vumbi lote lile la sponji. Wauguzi walianza kumwita shemeji hata namba ya simu hajapewa.

Alipopewa, akaitumia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nikisikia sauti yako nashiba."

"Kale chakula, fundi. Ukizimia nitakuchoma sindano, na sindano zangu si kama zako."

Walipendana, nisiwafiche. Fundi alishaanza kuulizia bei ya pete. Kitu kimoja tu Sista hakukisema: alisoma uuguzi kwa mkopo wa serikali, na kila mshahara ulikatwa kabla hajaugusa. Alinyamaza kwa sababu Fundi alipenda kujisifu kwamba yeye hadaiwi na mtu. Aibu ina mambo yake. Ilimshinda mwanamke anayeosha vidonda vya watu bila kukunja uso.

Siku moja redio ya ukumbini ilikuwa kwenye kipindi cha wasikilizaji kupiga simu. Mada ilikuwa mikopo ya waliosoma vyuoni: isamehewe, au ilipwe? Sista alikuwa anafunga bendeji, mara akasikia sauti anayoijua.

"Mimi ni fundi sofa," ilisema sauti. "Niliacha shule nikamsomesha mdogo wangu kwa kushona makochi. Hakuna aliyenirudishia. Leo mtu amesoma, ana mshahara, ana kiti cha kuzunguka, halafu deni lake nilipe mimi kwenye kodi? Alipe mwenyewe. Alikopa akiwa na akili zake timamu."

"Huyo si shemeji?" muuguzi mwenzake akauliza huku akicheka. "Kumbe anajua kuongea."

Sista hakucheka. Alimaliza bendeji, akampa mgonjwa pole, akaenda kujifungia kwenye chumba cha dawa mpaka machozi yakaisha.

Fundi alimpigia simu, ikaita weee, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, kimya. Siku zikapita, ndipo simu yake ikapokelewa.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Ulikuwa unaongea redioni, nami nilikuwa nasikiliza. Nina mkopo, fundi. Huyo mwenye akili timamu ni mimi."

Akakata. Fundi alikalia kochi la mteja ambalo bado lilikuwa na misumari nje, na wala hakusikia maumivu.

Kesho yake alasiri alimngoja kwenye lango la hospitali, shati halijaona pasi. Sista alitoka amevaa gauni la kijani na kitambaa cha njano kichwani, macho yamevimba.

"Kuna kituo cha afya cha mbali sana," alisema hata kabla ya salamu. "Ukikubali kukaa huko miaka mitano, serikali inakufutia mkopo wote. Nilikuwa naikwepa nafasi hiyo kwa ajili yako. Sasa nimeiomba, na wamenipa. Kesho nasaini."

"Miaka mitano?"

"Sitaki mtu anilipie. Lakini kwanza, yale uliyosema redioni niambie mimi, usoni."

Wanaume wengi wangedanganya hapo, na pengine wangesamehewa. Fundi hakudanganya.

"Bado naona si haki," akasema polepole. "Nikikumbuka nilivyoacha shule, roho inaniuma. Lakini nilikuwa namfikiria mtu mwenye kiti cha kuzunguka."

"Mimi nasimama kutwa nzima. Baba alifariki sijamaliza sekondari. Ningefanya nini?"

"Ungekopa," Fundi akasema. "Mdogo wangu alikuwa na mimi. Wewe hukuwa na mtu."

Sista alilia palepale, bila kuficha. Fundi akamwachia alie, kisha akauliza, "Huko unakokwenda, watu wanakaa chini?"

"Kwa nini?"

"Kama wana viti, vitachanika. Vikichanika, watanitafuta."

"Usinitanie, fundi."

"Sikutanii. Cherehani yangu inapakika kwenye gari, wateja nitatafuta wengine. Nataka uwe mke wangu, twende wote."

Sista alifuta macho. Alitaka sana kusema ndiyo, na aliogopa.

"Ukiacha wateja wako kwa ajili ya deni langu, si utakuwa umenilipia? Ulisema hutaki kumlipia mtu."

"Nilisema hivyo juu ya mtu nisiyemjua."

Mlinzi wa lango aligeukia pembeni, akajifanya anakagua kufuli.

"Basi kodi ya nyumba huko tutalipa nusu kwa nusu," Sista akasema.

"Nusu kwa nusu, mke wangu," Fundi akajibu, akamshika mkono.