Maneno Yangu Kinywani mwa Mfaransa

Agnetha aliitambua sauti kabla hajainua macho kutoka kwenye ndoo ya asali. Soko la Tabora lilikuwa limefurika, wauza dagaa wakipigana vikumbo na wabeba magunia, lakini sauti ile ilipenya kote.

"Asali hii ya Sikonge kweli, bibie, au ya kupikwa na sukari?"

"We si ndiye unayetafsiri filamu kwenye banda la video kule Itetemia?"

Kijana akacheka. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi likapigika. "Ndiye mimi, Gerson. Umenijuaje?"

"Juzi ulimfanya Mchina aongee Kinyamwezi."

"Alikiongea vizuri?"

"Kuliko wewe. Onja asali, acha maneno."

Akaonja, akanunua, na kesho yake akarudi ingawa chupa ya kwanza hajaifungua. Baada ya hapo ikawa ni simu tu. Agnetha akichuja asali, simu ameibana begani, Gerson akimchekesha.

"Mbona husemi kama unanipenda?" Gerson akamuuliza siku moja.

Agnetha akaacha kuchuja. "Mimi nimeishia la saba, Gerson. Kuna mmoja alinikimbia kimyakimya kwa sababu hiyo. Ukinichoka, njoo uniambie macho kwa macho. Nitalia, lakini sitakushika shati."

"Sikuchoki, mama."

Maneno yale ya la saba Agnetha hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

Jumapili moja baada ya ibada alivaa gauni lake la kitenge cha njano, akaenda bandani na rafiki yake Consolatha. Filamu ilikuwa ya Kifaransa, ya mapenzi na vichekesho: mwanamke kaenda Uturuki kumsaka mchumba aliyemtoroka, kaishia kumpenda fundi bomba. Gerson, ambaye Kifaransa hajui hata salamu, alikaa kando ya skrini na maikrofoni yake, kila neno akilibuni mwenyewe. Watu hoi kwa kicheko. Mara yule mwanamke Mfaransa akasimama mbele ya fundi, machozi yakimlengalenga.

"Mimi nimeishia la saba!" Gerson akamsemea kwa sauti nyembamba. "Ukinichoka, njoo uniambie. Nitalia, lakini sitakushika shati!"

Banda likalipuka. "Mzungu wa la saba!" mtu akapiga kelele. Hata Consolatha alicheka, maana hakujua. Agnetha akainuka, akatoka.

Simu hakupokea tena. Gerson akamfuata sokoni.

"Agnetha, mpenzi, jina lako sikulitaja."

"Ndiyo nikachekwa bila jina."

"Sikudhani watacheka. Sijawahi kusikia maneno mazuri kama yale. Nilitaka na wao wayasikie."

"Nilikupa wewe, sikuwapa wao." Aliendelea kumpimia mteja, bila haraka. "Jumapili rudia filamu ileile. Yule mwanamke nitamsemea mimi."

"Watakuzomea!"

"Wanizomee nikiwa mbele yao."

Jumapili banda lilijaa mpaka mlangoni. Mfaransa alipofumbua mdomo mbele ya fundi, Agnetha akaisogeza maikrofoni.

"Mimi nimeishia la saba." Kicheko kikaanza. "Haya, chekeni. Mkimaliza mtaniambia." Kikakatika. "Maneno haya ni yangu. Nilimwambia mtu mmoja, akaja kuyamwaga hapa bila kuniomba. Na hapahapa ndipo atakapoomba radhi."

Kwenye skrini fundi alikuwa keshapiga goti, na Mfaransa keshamrukia shingoni, anambusu.

"Mbona keshakubali?" mtu akadakia.

"Huyo ni yeye," Agnetha akajibu. "Mimi sijakubali."

Makofi yakatikisa mabati. Gerson akasimama, jasho likimtiririka, na safari hii aliongea kwa sauti yake mwenyewe. "Niliyachukua bila ruhusa. Nisamehe, Agnetha. Na mbele ya watu hawa nasema: nataka kukuoa."

Agnetha alimkazia macho mpaka akaridhika. Akaizima maikrofoni, akamnong'oneza sikioni: amemsamehe, na Jumamosi aende Sikonge akajieleze kwa baba yake.

"Tafsiri!" banda zima likapiga kelele. "Gerson, kasemaje? Tafsiri!"

Gerson akafumbua mdomo, akamtazama Agnetha, akaufumba.