Faustin na Majina ya Kuuza

Kila asubuhi Faustin alifungua duka lake la stesheneri mjini Ifakara, jirani na soko la mchele. Alitoa fotokopi, alichapa barua za watu, alipiga picha za pasipoti. Mkewe, Brigitha, alilima mpunga upande wa Kivukoni. Binti yao, Teddy, alisoma sekondari ya bweni. Hawakuwa matajiri, lakini walikula wakashiba, na nyumba yao haikukosa kicheko.

Siku moja alikuja mteja mgeni, mtu wa safari nyingi. Wakati karatasi zake zikitoka kwenye mashine, akamtazama Faustin na kutikisa kichwa.

"Wewe una kompyuta na intaneti, halafu unahangaika na fotokopi? Nunua majina ya tovuti, bwana."

"Majina?"

"Eeh. Kila tovuti ina jina lake, lile unaloliandika ukitaka kuifungua. Wenyewe wanaliita domeini. Unalisajili kwa bei ndogo kabla mwenye biashara hajaamka. Siku akilitaka, anakuja kwako na unampangia bei. Watu wamejenga maghorofa kwa majina tu."

Maneno hayo yalimwingia Faustin. Wiki hiyo hiyo akaanza kusajili. Alianza na majina ya mchele na ya mito. Kisha akahamia kwenye vibao vya barabarani. Akiona kibao kizuri cha duka au cha nyumba ya wageni, alikikariri, na akirudi dukani alilisajili jina lile.

"Hivi ni viwanja, mama Teddy," alimwambia mkewe. "Viwanja vya kwenye intaneti."

"Vyangu mimi naviona kwa macho," Brigitha akajibu, akacheka. Alimpenda mumewe pamoja na mipango yake yote.

Mwaka ukazunguka. Hakuna aliyeulizia jina hata moja. Badala yake kampuni aliyosajilia ikamwandikia: muda umekwisha, lipia tena. Faustin alishtuka. Alidhani jina likinunuliwa limenunuliwa. Akalipia, akajipa moyo. Wateja hawaji kwa sababu hawajui, alijiambia. Nitawafuata.

Alianzia Mang'ula. Huko, chini ya milima ya Udzungwa, alikuwa ameona kibao kilichoandikwa Nyumba ya Alfonsina. Wageni wanaokwenda kutembelea hifadhi walilala hapo. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Verediana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Umetoka mbali?"

"Ifakara."

"Basi una njaa."

Kabla Faustin hajajieleza, aliwekewa wali na samaki wa kuchemsha. Alikula, akanawa, ndipo akasema lililomleta.

"Mama, mimi ninalo jina la nyumba yako. La kwenye intaneti. Nimekuja tuelewane bei."

Verediana hakukasirika. Alivuta kigoda akakaa karibu, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Jina la nyumba yangu umelipata wapi?"

"Nimelisajili, mama. Ni biashara halali."

"Alfonsina ni mama yangu mzazi. Alitoka Mahenge na mimi mgongoni, akapanga chumba hapa, akauza maandazi hadi akajenga. Alipofariki ndipo nikaandika kile kibao." Akamtazama usoni. "Sasa nikikataa kulinunua, wewe utalifanyia nini?"

Faustin aliinuka, akashukuru kwa chakula. Aliaga, akapanda basi, na njia nzima swali lile lilikaa naye kwenye kiti.

Alipofika nyumbani alikuta ujumbe kwenye simu. Mtu aliyejiita wakala alisema ana mnunuzi wa nje ya nchi. Anataka jina moja la mchele, tena kwa bei ambayo Faustin aliisoma na kuirudia. Kwanza tu Faustin alipie hati ya kuthibitisha thamani ya jina.

Uchungu wa Mang'ula ukasahaulika papo hapo. "Mama Teddy! Si nilikuambia! Nipe ile pesa ya kukodi trekta nilipie hati. Tutairudisha mara mbili."

Brigitha aliacha kupepeta mchele. Mvua zilikuwa zinakaribia. Shamba lisipolimwa sasa, hakuna mavuno, na Teddy harudi shule.

"Baba Teddy, sikukatalii," alisema polepole. "Lakini pesa hii ndiyo shamba letu. Tumuulize kwanza Dativa. Akisema ni sawa, nakupa mwenyewe kwa mkono wangu."

Dativa alikuwa jirani yao. Alishughulika na kompyuta katika ofisi moja ya utafiti wa afya pale mjini. Jumapili, baada ya misa, alipita kununua mchele.

"Shikamoo, baba Teddy."

"Marahaba, Dativa. Karibu ukae. Hebu nisomee hapa."

Dativa alisoma. "Huyu mnunuzi umezungumza naye?"

"Hapana. Anayeandika ni wakala."

"Na hati inatolewa na nani?"

"Na kampuni waliyonitajia wao."

Dativa akaweka simu mezani. "Hapo hakuna mnunuzi, baba Teddy. Wakala na hiyo kampuni ni watu wale wale. Ukilipa, hutawasikia tena. Mnunuzi wa kweli hakutozi hela ili akupe hela. Kwenye mauzo makubwa, fedha inawekwa kwanza kwa mtu wa kati anayeaminika na pande zote mbili, ndipo jina linahamishwa."

Faustin aliichukua simu, akausoma tena ujumbe. "Kwa hiyo biashara yenyewe ni uongo?"

"Si uongo. Wapo wanaouza majina hadi leo, na wanapata. Ila ni wachache. Wengi wao walianza zamani, wakachukua maneno mafupi ambayo kila mtu anayataka. Ni kama vizimba vya mlangoni pale sokoni. Wewe ukija leo unapata kizimba gani?"

"Cha nyuma, karibu na choo," Brigitha akadakia. Wote wakacheka, hata Faustin.

"Tena kizimba hicho unakilipia kila mwaka, uuze usiuze," Dativa aliendelea. "Jina la tovuti hulinunui likawa lako moja kwa moja. Unalipanga tu, kama chumba. Ukiwa na majina mengi yasiyouzika, kodi inakumaliza. Na siku hizi miisho ya majina, kama .com na .co.tz, imekuwa mingi. Mtu akikosa jina moja, anaongeza neno au anachukua mwisho mwingine. Wengine hapa kwetu wanauzia WhatsApp tu na maisha yanakwenda."

"Basi nisijaribu kabisa?"

"Ukitaka kujaribu, tumia pesa ambayo hata ikipotea Teddy atasoma. Chukua maneno ya kawaida. Na uangalie majina ya namna hiyo yameuzwa kweli kwa kiasi gani. Usifuate bei wanazotamani wauzaji. Lakini usitegemee kuendeshea nyumba."

Faustin alikuna kidevu. "Na jina la biashara ya mtu mwingine?"

"Hilo liache. Ukilichukua ili umuuzie mwenyewe, anaweza kulalamika. Taratibu zipo. Akithibitisha kuwa ni lake, unanyang'anywa na gharama zako zinapotea."

"Siulizi kwa kuogopa kunyang'anywa," alisema Faustin. Akawaeleza habari za Mang'ula, na swali aliloshindwa kulijibu.

Brigitha akamgeukia mumewe. "Mrudishie jina la mama yake."

Faustin hakulipia hati. Trekta likaja, shamba likalimwa kabla mvua haijakolea. Majina mengine akayaacha muda wake uishe. Alibakiza moja tu la mchele, akafundishwa na Dativa kulitengenezea tovuti ndogo ya kuuzia mchele wa Brigitha. Kisha akapanda tena basi la Mang'ula.

"Umerudi na bei nyingine?" Verediana alimuuliza.

"Nimerudi na jina, mama. Toa simu yako tuliandikishe kwako."

Walikaa barazani hadi kila kitu kikasomeka kwa jina la Verediana. "Sasa nikupe nini?" akauliza.

"Jina ni lako, sidai kitu. Ila ukitaka tovuti yenyewe, yenye picha za vyumba na namba za simu, hiyo ni kazi. Na kazi nitakutoza."

Verediana alicheka hadi akajifuta macho. "Hapo sasa tumeelewana, mwanangu."

Kazi ile ilimletea nyingine. Seremala wa Ifakara akataka tovuti, kisha kikundi cha wafuga nyuki. Si kila mwezi, lakini kila aliyekuja alilipa, na Faustin alilala bila kusubiri mnunuzi asiyemjua.

Baada ya mavuno, Verediana aliwaalika Faustin na mkewe. Walikuta nyumba imejaa. Familia moja kutoka Dodoma ilikuwa imetoka kuona maporomoko ya maji. Watoto bado walikuwa wamelowa. Baba yao, Hilary, alisema walipaona hapo kupitia tovuti.

"Huyu ndiye fundi wangu," Verediana alisema, akimshika Faustin bega.

"Kumbe!" alisema Hilary. "Sisi tunaendesha shule ya chekechea. Tovuti hatuna. Hata sijui kama jina letu bado lipo, au wajanja wameshalichukua."

Faustin alitoa simu, akatafuta. Jina lilikuwa wazi, halina mwenyewe. Brigitha alimtazama. Faustin akatabasamu, akamgeuzia Hilary kioo cha simu.

"Lipo," alisema. "Toa simu yako, ndugu yangu. Lisajili sasa hivi, kwa jina lako mwenyewe. Njoo nikuonyeshe."