Shamba la Baba kwa Jina la Hamisi

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na saba, mkaazi wa Shika Adabu, Likoni. Wasomaji wenzangu, naandika nikiwa na hasira ambayo hata sala haijaniondolea... Nisomeni mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Baba alituachia shamba la minazi: mimi, mama, na mdogo wangu wa pekee, Hamisi. Nazi siku hizi hazilipi, na mihogo yaliwa na tumbili. Basi nikajenga banda la makuti, nikatandika mikeka, nikaanza kuwapikia wageni kuku wa kienyeji na wali wa nazi. Jumapili watu walijaa mpaka wengine wakala wamesimama! Nilijiona nimeshafika.

Asubuhi moja wakaja maafisa wa kaunti. Walisema hii ni ardhi ya kilimo, si mahali pa hoteli. Nikawaambia kuku ni wangu, nazi ni zangu, sasa kosa liko kwenye sufuria? Mmoja alicheka. Mwenzake akachora alama ya X nyekundu kwenye nguzo ya banda. Rangi ilichuruzika mpaka mchangani.

Ofisini niliambiwa niombe kubadilisha matumizi ya ardhi, na mwombaji lazima awe mwenye jina kwenye hati. Hati ilikuwa na jina la nani? La marehemu baba! Mirathi hatukuwahi kugawana. Kwetu, kugawana shamba mama angali hai huonekana kama mnamtakia kifo.

Hapo Hamisi akajitolea. Alisema tuandikishe shamba kwa jina lake peke yake, kisha yeye atalifuatia banda langu kibali. Nilisita... Mama, ambaye macho yake yamefifia, akanikaripia.

"Ni nduguyo wa tumbo moja, wamuogopani?"

"Simuogopi, mama."

"Basi tia sahihi, mwanangu. Mwanamume ndiye asikizwaye huko maofisini."

Wallahi nilitia sahihi kwa wakili, mama naye akatia dole gumba, nikajitoa kwenye urithi wa baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Ningemshukuje mtoto niliyembeba mgongoni?

Miezi ikapita. Hamisi akawa hapokei simu zangu. Wakaja wapimaji wakapigilia vigingi hadi karibu na makaburi yetu. Nilipowauliza, walisema wametumwa na mwenyewe. Mwenyewe! Nikajifariji kwamba labda banda linahitaji vipimo, ingawa usingizi ulinipaa.

Kisha ukasimamishwa ubao wa tangazo, ule ambao sheria inautaka shambani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nilipouona kwa mbali nilipiga vigelegele, majirani wakatoka mbio kunipongeza! Nikausogelea, nikasoma. Yadi ya makontena... Mwombaji, Hamisi. Majirani wakaondoka mmoja mmoja bila kuniaga.

Nilimpigia kwa simu ya jirani. Akanijibu kwa upole, kana kwamba mwenye kosa ni mimi.

"Dada, banda lako lisingepata kibali. Barabara kubwa imepita, matajiri wataka yadi. Nishakubaliana nao."

Nilikimbilia ofisini kuweka pingamizi. Afisa akanisikiliza, akatazama hati, akaniuliza, "Mama, wewe ni nani katika shamba hili?" Nililia mbele za watu! Sheria iliyoikataa mikeka yangu iliyakubali makontena, ati karatasi zake zimetimia.

Nimefika kwa kadhi, lakini tingatinga halisubiri kesi. Banda halipo. Minazi inaangushwa kila siku, na mngurumo unazidi kusogea kwenye nyumba tunayolala.

Ndugu zangu, nawasihi, gaweni mirathi mapema, kila mrithi jina lake lionekane, hata mkisemwa kwamba mna haraka ya kuzika! Kama banda lako limekatazwa, heri libomolewe, ardhi ibaki. Usijifute kwenye shamba lako kwa sababu ya kibali.

Mama sijamwambia. Nitaanzaje? Akisikia mashine anadhani ni ujenzi wangu. Kila akimaliza kuswali anainua mikono, anamwombea Hamisi umri mrefu kwa wema alionitendea. Nami nimeketi ubavuni pake, naitikia amin.