Macho ya Mzee Awadh

Maiti ya Mzee Awadh ilitolewa kisimani, uani kwake Mambrui, asubuhi moja ya mwaka 1989. Majirani walikwishakata hukumu: kipofu kaanguka, azikwe kabla ya adhuhuri.

Inspekta Ochola wa Malindi hakupenda kuharakishwa, hasa na watu wenye majibu tayari.

"Alipofuka lini?" alimuuliza Saad, mwana wa pekee wa marehemu.

"Ujanani, afande. Kabla sijazaliwa."

"Na miaka yote akichota maji hapa bila kuanguka?"

"Ni ajali."

Kutoka mlangoni hadi chooni ilikazwa kamba ya kumwongoza mzee. Ochola akaifuata kwa vidole. Kwenye nguzo ya choo kamba ilikuwa imechimba mfuo, usawa wa kiuno. Sasa ilifungwa juu zaidi, usawa wa kifua cha mtu mrefu. Na nguzo ya kisima, isiyohusika na kamba hata kidogo, ilikuwa na mchubuko mpya.

"Nani kaifungua hii?"

"Sijui."

"Mnaishi wangapi humu?"

"Mimi na yeye."

Saad, mrefu kuliko wote pale, aliutazama mlango wa ua. Konstebo Tsuma alikuwa ameuziba, mpana kama kabati.

"Jirani zako wanasema uliposa kwa kina Shekha. Ikawaje?"

"Walikuja kuulizia ukoo, kama ilivyo ada. Baba akawaambia kweli: kapofuka yeye, nduguye na mjomba wake. Wakakataa. Nani amwoze bintiye kwa mtu atakayezaa vipofu?"

Ndipo alipoingia Daktari Waruguru, mtaalamu wa macho kutoka Malindi. Alipoambiwa msiba, aliuweka mkoba wake chini.

"Mzee aliniomba nije leo nizungumze na wazazi wa Shekha," alisema.

"Uwaambie nini?" Ochola akauliza.

"Kwamba upofu huu haupitii kwa baba. Kiini cha seli hubeba urithi wa wazazi wote wawili. Lakini nje ya kiini mna vichembe vinavyoipa seli nguvu, mitokondria, navyo vina urithi wake vyenyewe. Vichembe hivyo mtoto huvipata kwa mama tu. Mzee aliupata kwa mamake, ukakomea kwake. Saad hana, wala wanawe hawataupata kwake. Nilimweleza jana mchana. Alilia kwa furaha."

Saad aliigeukia kamba.

"Niliihamishia kamba kisimani alfajiri, nikakifunua," alisema. "Kisha nikairudisha. Popote ambapo ningeposa, wangekuja kumuuliza yeye, naye hajui kusema uongo. Nilifungwa ndani ya macho yake, afande. Sikuona pa kutokea."

Ochola alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi. Akamtia pingu.

"Alipotoka kwa daktari hamkuzungumza?"

"Aliniita magharibi. Alisema ana habari njema." Saad alifumba macho. "Nikamwambia aniambie kesho."