Sekela na Vigelegele

Sekela ana miaka mitano. Anapenda vitu vinavyozunguka. Gurudumu, kifuniko cha sufuria, na yeye mwenyewe.

Sekela hasemi maneno. Ana wimbo wake tu. Mmm, mmm, mmm. Akifurahi, anauimba. Akiogopa, anauimba zaidi.

Leo Sekela na Mama wanakwenda Rungwe, kwenye baridi na migomba. Wanakwenda kwa Bibi Atuganile. Bibi Atuganile ndiye aliyemzaa Mama.

Bibi alimwona Sekela mara moja tu, alipokuwa kichanga. Tangu hapo amesubiri miaka mitano. Ni mingi sana kwa bibi.

Basi Bibi amefagia uwanja mara tatu. Amepika ndizi kwa maziwa. Amewaita na majirani, waje kumpokea mjukuu.

Kwa kina Bibi, mgeni mpendwa hapokelewi kimyakimya. Anapigiwa vigelegele. Akipendwa sana, anapigiwa sana. Na Bibi alitaka Sekela ajue kwamba anapendwa kuliko wageni wote.

Sekela akaingia uwanjani, ameshika kidole cha Mama.

Lililililiii! Wanawake wakapiga vigelegele. Lililililililiii! Bibi akawashinda wote.

Maskini Sekela. Sauti ile ilimuuma masikioni, kama sabuni inavyouma machoni.

Sekela akaziba masikio. Mmm, mmm, mmm.

Wanawake wakadhani anaona haya. Wakaongeza. Lililililililililiii!

Sekela akalia kwa nguvu. Akakimbia, akaingia ndani, akajitia uvunguni mwa kitanda cha Bibi. Huko kulikuwa na viazi vya mbegu. Akajikunja katikati ya viazi.

Uwanja ukanyamaza. Kuku peke yake ndiye aliyeendelea na mambo yake.

Mama Gwamaka, jirani, akasema mtoto huyu hajamwamkia hata mtu mmoja. Akasema watoto wa mjini hawafundishwi adabu. Alisema kwa sauti ndogo, lakini Mama alisikia. Mama akainamisha kichwa.

Majirani wakala ndizi. Wakaaga, wakaenda zao.

Bibi akapiga magoti kando ya kitanda. "Sekela, mjukuu wangu, njoo uniamkie."

Sekela akaziba masikio. Mmm, mmm, mmm.

Mama akasema, "Mpe nafasi, Mama. Atakuja mwenyewe."

Bibi hakuweza kungoja. Alikuwa amengoja miaka mitano. Akaleta ndizi tamu, akaisukuma uvunguni. "Sekela, mjukuu wangu, njoo uniamkie."

Sekela akaziba masikio. Mmm, mmm, mmm.

"Mpe nafasi, Mama. Atakuja mwenyewe."

Bibi akaingiza mkono. Akaushika mguu mdogo wa Sekela, akauvuta taratibu. Alidhani anasaidia.

Sekela akapiga mayowe. Akapiga teke. Kiazi kimoja kikatoka mbio, bingiri bingiri, mpaka mlangoni.

Bibi akauachia mguu. Akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda. Akalia.

"Mtoto wa mwanangu hanitaki," akasema.

Mama akakaa karibu naye, akamweleza. Daktari alisema Sekela ana usonji. Alizaliwa hivyo. Hakuna aliyemroga, na hakukosa malezi. Masikio yake husikia kila kitu kwa nguvu mno. Maneno anayo ndani, ila hayatoki.

Halafu Mama akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Mjini watu humwambia kwamba hajui kulea. Humwambia dukani. Humwambia kanisani. Humwambia hata kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo alikaa miaka mitano bila kuja. Aliogopa kuambiwa hivyo hata hapa, nyumbani kwa mama yake.

"Na leo nimeambiwa," Mama akasema. "Kesho asubuhi tutaondoka. Sidhani kama nitamleta tena."

Mama naye akalia. Wakalia wote wawili, jikoni, karibu na moto. Watu wazima nao hulia, usishangae.

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi nilitaka ajue kwamba nampenda."

"Mpende kimyakimya, Mama."

Sasa hapo pana kazi. Bibi Atuganile ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote kijijini. Hakuna harusi asiyoitwa. Hata akimwita mbuzi wake, humwita kwa kelele. Atampendaje mtu kimyakimya?

Bibi akafikiri. Kisha akainuka.

Akavua viatu, visilie ko, ko, ko. Akavua bangili, zisilie cheng, cheng. Akaingia chumbani kwa ncha za vidole.

Akakaa sakafuni, mgongo ameuelekeza kitandani. Hakuita. Hakuchungulia. Hakuomba kuamkiwa.

Uvunguni, Sekela aliimba. Mmm, mmm, mmm.

Bibi akangoja.

Jua likashuka nyuma ya migomba. Mguu mmoja wa Bibi ukafa ganzi. Bibi akangoja.

Mdomo ukamwasha. Alikuwa na maneno mengi mno, ya miaka mitano mizima. Aliyameza yote. Chozi moja likamtoka, likashuka mpaka kidevuni, na Bibi hakulifuta. Akangoja.

Kru. Kiazi kikasogea.

Kru, kru. Viwili vikasogea.

Bibi akasikia nguo ikiburuzika sakafuni. Akasikia pumzi ndogo nyuma yake. Alitamani kugeuka. Alitamani amkumbatie, ambusu, ambebe, ampigie vigelegele mpaka paa litoke! Hakugeuka.

Mgongo mdogo ukagusa mgongo wake. Ukatoka. Ukarudi tena.

Kisha Sekela akamwegemea Bibi, mgongo kwa mgongo, kwa uzito wake wote.

Mmm, mmm, mmm. Wimbo ulipita kwenye mgongo wa Sekela, ukaingia kwenye mgongo wa Bibi. Bibi akausikia mpaka kifuani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alijiziba mdomo kwa mkono, asije akatoa sauti.

Bibi akafumba macho. Halafu akasema, kwa sauti ndogo kabisa ambayo hakuwahi kuitumia maisha yake yote, "Marahaba, mjukuu wangu."

Sekela hakuziba masikio.

Giza likaingia. Wimbo ukawa mfupi. Mmm, mmm. Ukawa mfupi zaidi. Mmm. Sekela akalala palepale, mgongoni kwa Bibi.

Mama akanong'ona kwamba ataenda kumlaza mtoto kitandani. Bibi akatikisa kichwa. Hakutaka kusogea hata kidogo, mguu wake na ufe ganzi ukitaka.

Bibi bado alikuwa na huzuni. Alihuzunika kwa ile miaka mitano, maana haitarudi. Alihuzunika kwa binti yake, aliyelia peke yake mjini. Lakini huzuni ilikuwa imepata mahali pa kukaa, na Bibi akaweza kupumua.

Mama akafungua begi lao polepole, zipu isilie. Akatoa nguo za Sekela, moja moja. Akazikunja zote, akazipanga ndani ya sanduku la Bibi.

Kisha akaja akakaa nao sakafuni.