Shuka Mbichi

Jua lilikuwa linazama mama Kipusa alipokuwa uani akianua shuka za wifi yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuzianika pale, mbele ya macho ya majirani.

Wifi alikuwa akitumia dawa za saratani. Dawa zilikuwa zimeimaliza kinga yake, na choa, ambacho kwa mtu mzima wa afya hupakwa dawa kikaisha, kwake kilitambaa kama moto wa makapi. Duara mgongoni. Duara shingoni. Duara ndani ya duara. Shuka zilipoanza kutoka madoa, mama Kipusa aliona haya kuzianika nje. Ndipo alipotokea dobi mmoja, mwanamke wa gauni la mikono mirefu, akapiga hodi magharibi bila kuitwa. Tangu hapo alizichukua kila jioni na kuzirudisha alfajiri, zimekunjwa vizuri.

Lakini mbichi. Zinanuka kisima kilichofunikwa.

Mchana wa leo nesi alikuja, akabonyeza kitanda, akakunja uso.

"Dada, mnamlaza kwenye unyevu? Fangasi wanapenda hapo hapo. Na huyu kinga hana, wakizama ndani tutampoteza. Anika juani, piga pasi."

"Ni dobi, nesi."

Nesi alipoondoka, wifi alinong'ona, "Wifi yangu, dobi gani? Kila jioni nakusikia mlangoni unaongea peke yako."

"Usinitanie."

"Nikutanie na ngozi hii?"

Sasa mama Kipusa aliingiza shuka ndani, kavu, zina harufu ya jua. Akamtandikia wifi. Akawasha taa.

Hodi...

Hakuwa amesikia nyayo. Alifungua mlango kidogo.

"Leo sina nguo," alisema.

Maji yakidondoka kizingitini... tone... tone...

"Hata ndogo?" dobi aliuliza.

Mkono ulinyooshwa kutoka gizani, kiganja juu. Mkono wa gauni ukapanda. Duara ndani ya duara, hadi kwenye kucha.

Alifunga mlango, akatia komeo. Akakimbilia kwa wifi. Alikuwa amelala, shuka yake kavu. Mama Kipusa akashusha pumzi.

Kisha akaenda chumba cha pili, alikolala Kipusa wake. Mtoto alikuwa amefunikwa vizuri, pembe za shuka zimechomekwa chini ya godoro.

Yeye hakuzichomeka.

Akagusa shuka.

Mbichi.

Kipusa, bila kufumbua macho, akaanza kujikuna shingo.